Nilifaulu Kipimo cha Masikio

Kosa langu la kwanza lilikuwa kufaulu kipimo. Nilikuwa nimelazwa kwa kifua kikuu sugu, wakanipima masikio, na mimi niliyekuwa nimeshaanza kuwa kiziwi nikapata matokeo mazuri kuliko wagonjwa wenzangu wote. Nilifurahi. Nataka mjue hilo kabla ya mengine: nilifurahi.

Mwanzo huu nimeuandika na kuufuta hadi dada yangu Scovia akatishia kunifichia simu. Shule sikuimaliza. Kiswahili changu ni cha kambini, baba yangu alikuwa koplo, na kilichobaki nimejifundisha mwenyewe kwa redio, zamani nilipokuwa nasikia redio. Mkikuta kosa, nivumilieni. Mimi mwenyewe silivumilii.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa simu. Duka moja la jumla huko Kisenyi liliniajiri kupokea oda. Wateja walipiga kutoka Arua, Gulu, hata Juba, kila mmoja na lugha yake na haraka yake, na mimi niliandika bila kumrudisha mtu nyuma. Kuuliza "umesemaje?" niliona ni aibu. Bosi alinisifu mbele ya wageni: "Huyu kijana haulizi mara mbili." Sifa hiyo nilikuwa nalala nayo.

Kikohozi kilianza kama cha vumbi la gereji zilizotuzunguka. Kisha likaja jasho la usiku, shuka linalowa hadi Scovia akadhani nimejikojolea. Suruali nilifunga kwa kamba. Siku moja nilikohoa nikiwa nimeshika simu, nikaona matone ya damu juu ya kidole gumba. Nikafuta kidole, nikamalizia oda ya sabuni, ndipo nikaenda hospitali.

Dawa za kwanza hazikunisaidia. Daktari akasema, "Wako ni sugu. Utachomwa sindano kila siku, kwa miezi." Makalio yangu yakajaa mavimbe magumu kama viazi, nikawa nalala kifudifudi. Vidonge nilivitapika, nikavimeza tena. Ngozi ilipiga weusi hata mama yangu, kama angekuwa hai, asingenitambua. Wageni wa wodi walinitazama mara moja tu, halafu wakatazama viatu vyao.

Kitanda cha jirani alilala Mzee Kato, fundi viatu. Akalalamika kwamba masikio yake yanapiga kelele. Wakamsimamishia sindano. Haukupita muda, akafa. Sasa najua alifika hospitali akiwa amechelewa, mapafu yalikuwa yamekwisha kabla ya sindano ya kwanza. Wakati ule sikuuliza mtu. Nilijumlisha mwenyewe: ukilalamika masikio, sindano inasimama, sindano ikisimama, unakufa.

Kwa hiyo filimbi ilipoanza kulia kichwani mwangu, nyembamba, mchana na usiku, nilinyamaza.

Wakaniita kupimwa masikio, maana sindano zile huweza kuyaua. Chumba kidogo, hedifoni masikioni. Musawo, ndivyo tunavyomwita muuguzi hapa Kampala, alikuwa mama mpole. Akasema, "Ukisikia mlio, inua kidole. Usiposikia, acha mkono chini. Ni rahisi, ssebo." Akakaa pembeni na mashine yake. Lakini mbele yangu kulikuwa na kabati la vioo, na ndani ya kioo niliuona mkono wake. Kila alipobonyeza, bega lake lilishuka kidogo.

Bega likishuka, nikainua kidole. Sikuinua mara moja, nilichelewesha kidogo ili ionekane nasikiliza. Mlio mmoja nikaukosa kwa makusudi, nisionekane nimezidi. Ndivyo nilivyo. Hata uongo nataka uwe safi.

"Masikio ya popo haya!" musawo akasema, akacheka, akanipiga begani. Sindano zikaendelea.

Asubuhi moja niliona mvua inapiga dirisha la wodi, na haina sauti. Scovia alikuwa ameniletea uji. Mdomo wake ulifunguka na kufungika, kama wa samaki aliyetolewa majini. Nikamwambia, "Ongeza sauti." Akaanza kulia, kwa sababu, alinieleza baadaye, alikuwa anapiga kelele.

Daktari aliandika kwenye simu ya Scovia, nikasoma: "Ungesema mapema tungebadilisha dawa. Zipo nyingine. Kusikia hakutarudi." Kisha akaongeza, nadhani kwa kunihurumia: "Kifua kinaendelea vizuri." Siku hizi sindano zile zimeachwa, wagonjwa wanapewa vidonge tu. Nimewaona wanatoka pale wanachekacheka na simu zao masikioni. Nawaombea heri. Si kila siku.

Nilipona. Makohozi yakawa safi, nikaruhusiwa. Kisenyi nilikuta msichana ameketi kwenye kiti changu. Bosi alinipigia kelele usoni, mishipa imemtoka shingoni, kisha akanipa mche wa sabuni na kunionyesha mlango. Baba alistaafu zamani, lakini midomo yake naijua tangu utoto, haikunipa shida kuisoma. "Jeshini," alisema, "asiyesikia amri ndiye anakufa kwanza." Tangu siku hiyo aliacha kunisemesha. Aliniita kwa kunidonoa na fimbo.

Scovia ndiye aliyenipeleka kwenye ofisi inayowatafutia kazi watu wenye ulemavu. Sikutaka. Nilimwambia kwamba mimi si mlemavu, ni mgonjwa aliyepona. Tulipokewa na Mama Nalubega, anayetembea kwa magongo tangu utoto kwa sababu ya polio. Midomo yake alikuwa ameipaka rangi nyekundu kali. "Si urembo," akasema polepole, ananitazama. "Ni ili viziwi wangu wanisome. Huruma hapa imeisha, walikuja wenzako wakaimaliza. Tufanye kazi."

Alinieleza maswali ambayo waajiri hupenda kuuliza. Jina, ulifanya wapi, unaamka saa ngapi, kwa nini tukuchukue. Alitaka nijifunze kumwomba mtu anitazame akisema. Mimi nikaenda nyumbani, nikakariri majibu yote, kwa mpangilio, mbele ya kioo cha Scovia, hadi sura ikakaa sawasawa na maneno. Hilo sikumwambia.

Usaili wa kwanza ulikuwa kwenye bohari ya vinywaji. Mama Nalubega aliketi nyuma, nilikuwa nimemwomba asiseme kitu. Mabwana wawili mezani, mmoja ana masharubu yanayofunika mdomo. Masharubu yakatikisika, nikajibu. Yakatikisika tena, nikajibu. Wakaanza kucheka, nikacheka nao. Nikaona nimependwa. Wakaendelea kuuliza, wakiinamiana, mmoja anajifuta machozi. Nilitoka natembea kifua mbele.

Nje kwenye ngazi Mama Nalubega aliegemeza magongo ukutani, akanishika kidevu kama mtoto.

"Unajua walikuuliza nini?"

"Maswali yetu."

"Alikuuliza umekuja na nani. Ukamwambia, 'Miaka miwili, bwana, na sikukosa hata siku moja.' Wakaona mchezo. Akakuuliza kama wewe ni mwizi. Ukamwambia, 'Ndiyo, hiyo ndiyo sifa yangu kubwa.' Akakuuliza una wake wangapi. Ukamjibu, 'Napenda kufanya kazi na timu.'"

Nilimwomba anyamaze. Hakunyamaza. Aliyasema yote, hadi la mwisho, kwa midomo ile myekundu, na mimi sikuweza kuacha kuisoma.

"Kwa nini hukuwazuia?" nikamuuliza.

"Uliniomba nisiseme kitu. Na kama ningewazuia, ungesema wao ndio wabaya. Wao ni wabaya, sawa, wapo wengi. Lakini wewe uliwapa kamba."

Nililala kitandani siku nyingi. Kichwa kilirudia kila jibu, na baya zaidi, kilijaribu kuliboresha. Nilifikiria dawa za panya zinazouzwa barabarani Kalerwe. Scovia alikuwa na duka lake la nyanya huko, akaacha nyanya zioze akaketi mlangoni mwangu. Siwezi kuandika zaidi ya hapo bila kufuta.

Niliporudi ofisini, Mama Nalubega alinipa sentensi moja tu ya kujifunza: "Mimi ni kiziwi, nitazame ukisema, nikishindwa nitakwambia." Ilinikaba koo kuliko vidonge vyote. Niliisema ukutani, nikamwambia Scovia, nikamwambia baba. Baba akatazama pembeni.

Sentensi hiyo ndiyo iliyonipatia kazi ya majaribio Ggaba, kwa Bwana Mutiso, Mkenya anayenunua samaki mwaloni, pale ziwani mitumbwi inaposhusha, na kuwahifadhi kwenye chumba cha baridi. Alinisikiliza, akanikazia macho, akasema polepole, "Sawa, kijana. Tutaona." Kazi ilikuwa kupanga sangara kwenye kreti na kumwaga barafu.

Mngedhani hapo nilikuwa nimepona. Siku ya kwanza, Opio, msimamizi wa chumba, alinieleza sheria ya mlango. Alisema akiwa anafunga kamba za gambuti, kichwa chini. Sikuona neno hata moja. Alipoinua uso akauliza, "Umeelewa?" Neno hilo nililiona vizuri. Wenzangu walikuwa wanatazama, na bosi alikuwa nyuma yao.

Nikatikisa kichwa. Ndiyo.

Vijana wakaniona mara moja. Mmoja wao, Sula, alibuni mchezo wa kuchezesha midomo bila sauti ili aone kama nitaitikia. Niliitikia. Wakaniita Afande Ndiyo. Nakato, mama anayepasua samaki, aliniambia baadaye maneno ya Sula: "Huyu hapana sikia kitu! Muulize kama mama yake alikuwa mbuzi." Nilitikisa kichwa kwa hilo pia.

Sheria ya mlango ilikuwa hivi: kabla ya kufunga kwenda kula mchana, Opio anaita, "Nani yuko ndani?" Asipojibiwa, anafunga kwa nje na kuzima taa.

Siku moja nilikuwa nyuma kabisa, nimeinama juu ya kreti. Taa ikazimika. Nikafikiri umeme umekatika, nikangoja. Kisha nikaenda kwa kupapasa hadi mlangoni na kukuta hausukumiki.

Nikapiga mlango. Hapa ndipo ningependa mtu anayesikia asimame kidogo. Sikujua kama napiga kwa nguvu au naupapasa. Mikono ilikuwa imekufa ganzi na masikio yalikufa zamani, hivyo hakuna kitu mwilini kilichoweza kuniambia kama natoa sauti. Niliita. Sijui niliita nini. Kamasi ilikauka juu ya mdomo. Kifua kikaanza kukohoa, kile kikohozi cha zamani, na katika giza nikajilamba kiganja nione kama kuna ladha ya damu. Nilianguka juu ya samaki. Nakumbuka niliwaonea wivu.

Waliporudi kutoka kula na kufungua, jambo la kwanza nililoliona ni meno ya Sula. Walikuwa wanacheka. "Afande alikuwa anakula barafu!" Nakato hakucheka, alinifunika kwa gunia na kunisugua mikono hadi ikauma. Opio naye hakucheka, alikuwa ameogopa, na mtu aliyeogopa hukasirika.

"Niliita! Si ulisema umeelewa?"

Bwana Mutiso alikuwa amefika. Wote wakanitazama. Shingo yangu ilishaanza kuinama peke yake, ndiyo, uliita, niliitikia, samahani, yaishe. Niliishika. Naapa, nilikishika kidevu kwa mkono.

"Sikuelewa," nikasema. "Hata siku ile. Ulikuwa umeinama, sikuona. Nilikudanganya."

Bwana Mutiso aliongea uso kwa uso na mimi. "Sina shida na kiziwi. Shida yangu ni mwongo. Ungekufa humu, mimi ningeenda jela. Nenda nyumbani."

Nikaenda.

Kesho yake Mama Nalubega alikuja nami Ggaba, magongo yake yakiteleza kwenye maji ya samaki. Hakunitetea kama mtoto. Alimwambia Bwana Mutiso, "Kosa lake ni lake. La ofisi yangu ni kwamba tulimleta hapa tukaondoka bila kutazama mlango wenu. Nipe Opio na swichi ya taa." Akawaonyesha: kabla ya kufunga, Opio awashe na kuzima taa mara mbili, na asifunge mpaka nimetoka mbele ya macho yake. Kisha akanigeukia. "Na wewe, kila agizo utalirudia kwa sauti. Usipoliona, utasema. Kila mara. Hata wakikuzomea."

Walinizomea. Kila niliposema "sikupata, rudia," Sula naye alirudia, "Sikupata! Sikupata!" na sura yangu niliijua inaungua. Jioni nilifika nyumbani nimechoka kwa aibu kuliko kwa kreti. Sula bado ananiigiza. Bwana Mutiso aliniajiri hata hivyo, na Nakato hupiga meza yake kwa kiganja akitaka nitazame, mtetemo unafika miguuni kwangu.

Namshukuru Scovia, na nyanya zake zilizooza. Namshukuru Mama Nalubega ambaye hakuninyamazia kwenye ngazi. Nawe unayetafuta kazi na mwili usiokamilika, usikubali ofisi ikutafutie mlango ikuache hapo. Iingie ndani nawe, ione unavyofungwa. Na ukiwa hospitalini na hedifoni masikioni, usitafute kioo cha kutazama. Hakuna anayekupa alama.

Mimi bado ni kiziwi, bado naogopa kukosea, na baba bado ananidonoa na fimbo. Kilichobadilika ni kimoja. Nisiposikia, mkono wangu unabaki chini.