Aliyekunywa Damu ya Askofu Mkuu

Enzi zetu, nyinyi mliosoma bweni la wasichana Lodwar mtanishuhudia, hakukuwa na simu ya kukupiga picha ukitenda wema. Ukitaka kusifiwa ulingoja watu wajae kwanza, ndipo ukatenda. Mimi nililijua hilo nikiwa darasa la saba, na ndilo linalonitia aibu mpaka leo.

Nakumbuka mchanga wa mto Turkwel saa nane mchana, ukiukanyaga unaruka-ruka kama una wazimu kwa sababu nyayo zinaungua. Tulirushiana mpira wa kati na kuruka blada hadi kengele ilie. Tulitafuna matunda ya mkoma mpaka fizi zikauma. Githeri ya mahindi na maharagwe ilikuja na wadudu wake, tukasema leo kuna nyama. Wasichana wa siku hizi wakimwona mdudu mmoja wanapiga simu nyumbani wakilia. Sisi tungempigia nani? Mama yangu alikuwa akisema, "Wewe kula, huyo mdudu atajijua mwenyewe."

Mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Barasa kutoka Kitale, alipenda mashairi kuliko mshahara. Mwaka ule alitutungia mchezo mzima kwa vina na mizani, wa kuigizwa siku ya wazazi. Ulihusu askofu mkuu wa Ulaya ya kale aliyekataa kumpigia mfalme magoti, akauawa kanisani mwake mwenyewe. Kabla ya kuuawa, washawishi walimjia mmoja mmoja. Huyu alimletea karamu, yule cheo. Wa mwisho alikuwa hatari zaidi, maana alimshawishi afe ili asifiwe.

Askofu nilikuwa mimi. Kofia yangu ilikuwa katoni ya mafuta ya msaada, na fimbo yangu ilikuwa ya kuchungia ngamia. Mshawishi wa mwisho alikuwa rafiki yangu Nakiru, binti wa mfugaji wa Lokiriama, kule mpakani. Msichana mwembamba, lakini sauti! Akianza, hata wapishi waliacha masufuria:

Watu watakulilia, jina lako litabaki,
Kaburi watalijia, wakiomba hawachoki.

Siku ya mazoezi ya mwisho, Mwalimu alileta damu ya mbuzi, ikakorogwa kwa kijiti isigande, ikawekwa kwenye kibuyu chini ya madhabahu yetu ya madawati. Panga za mbao zikaniangukia. Nikaanguka. Askari mmoja wa mfalme akainamisha kibuyu animwagie. Hakuna kitu! Nikalala pale nimekufa mkavu, shule nzima inacheka.

"Ni nani amekunywa damu ya askofu?" Mwalimu alinguruma.

Mimi nilijua. Nakiru alikuwa ameniambia nikivaa joho. "Nimekunywa. Tangu nitoke nyumbani sijaonja. Ilikuwa tamu, ilikosa maziwa tu." Kwao damu ni chakula, si rangi ya kuchezea, na sikuona kosa lake. Sasa nikamwona anaanza kuinuka ili aseme. Hakuwa na hofu hata kidogo. Lakini niliitazama ile halaiki, mia mbili na zaidi, nikasimama kabla yake.

"Ni mimi, Mwalimu."

Nilichapwa viboko sita na sikulia. Wee! Kufikia jioni kila mtu ila Mwalimu alijua nimembebea mwenzangu mzigo, maana nilihakikisha wamejua. Wadogo walinitekea maji ya kuoga. Wapishi waliniita Askofu na kuniongezea kijiko.

Kesho yake Nakiru alikwenda mwenyewe kwa Mwalimu Barasa akamwambia ukweli. Nikaitwa. Mwalimu akaniuliza mbele yake, "Anasema ni yeye aliyekunywa. Ni kweli?"

Hapo ndipo nilipoweza kumaliza mambo kwa neno moja. Nikawaza yale maji ya kuoga, kile kijiko, lile jina, na kwamba nikikubali sifa zingehamia kwake aliyesema ukweli, mimi nibaki mwongo. Nikasema, "Hapana, Mwalimu. Anataka tu asifiwe kama mimi."

Nakiru alinitazama kama mtu anayetazama njia aliyodhani anaijua. Mwalimu akasema mwongo hawezi kusimama kwenye mchezo wake, akampa mwingine mistari yake. Nakiru akapangiwa kuwatilia wageni maji.

Siku ya wazazi baba yake alifika. Alikuwa amedandia lori la mbuzi kutoka Lokiriama, amevaa shuka safi, kigoda chake mkononi. Hakuwahi kuona shule. Aliketi mbele kabisa, na kila mtoto alipotokea amejifunika joho alimgusa jirani yake akiuliza kama huyo ndiye wake. Wake alikuwa anapita nyuma na jagi.

Nilikufa vizuri siku ile. Damu ilimwagika, kina mama wakapiga vigelegele. Yule mzee alinijia akanipa mkono. "Ejok," akasema, yaani safi, "umekufa vizuri, mtoto wangu." Kisha akamgeukia Nakiru, akamwuliza kwa Kiturkana, nami nikasikia: "Kumbe hapa wanakufundisha kuteka maji? Maji si hata nyumbani unateka?"

Muhula uliofuata Nakiru hakurudi.

Mimi niliendelea. Nikawa mwalimu, nikawa mzee wa kanisa. Kisa cha viboko sita nimekisimulia mara nyingi nikiwahubiria vijana juu ya kujitoa, na nimepigiwa makofi. Cha kesho yake sijawahi kukigusa. Siku hizi kijana akipeleka debe la maji kwa waliokumbwa na ukame, anajipiga picha na debe kabla halijafunguliwa, na sisi wakubwa tunasonya. Tunasonya nini? Sisi tulitafuta makofi ya shule moja, wao wanatafuta ya dunia nzima. Tamaa ni ileile, wao wamepata tu kiwanja kikubwa.

Juzi nilikuwa Kakuma, sokoni. Mama mmoja muuza nyama akaniita kwa jina la utoto. Sauti ile! Nilimjua kabla sijageuka. Nakiru alifuta mikono kwa leso, akanikumbatia, akawaita binti zake wawili waje wanisalimie.

"Huyu ndio ile rafiki yangu nilikuwa nawaambia," akasema. "Alichapwa viboko sita juu yangu."

Nilingoja aendelee na ya kesho yake. Alitabasamu, akaniachia nafasi niseme mimi.

Wasichana wale wakanipa mkono kwa adabu, wakasema asante, mama. Nami nikasema karibuni.