Mfalme wa Duka la Simu

Mume wangu alifariki Durban, mwaka mmoja baada ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Siku ya kumaliza matanga, wakubwa wa Warundi wenzetu wakafanya desturi yetu: mrithi huketishwa kwenye kiti cha baba mbele ya watu. Mrithi alikuwa mwanangu wa miaka minane. Walimvika koti la marehemu, mikono ikamfika magotini, wakampigia makofi. Duka letu la simu pale mjini likawa lake. Mimi mjane niliambiwa nikaangalie maharage.

Kesho yake baba yake mkubwa akahamia kwetu na sanduku, eti kumlea mrithi. Kulea gani? Alikaa kwenye kochi kutwa nzima akiwa na funguo za duka mfukoni. Nikifungua mdomo ananiambia, "Shemeji, tulia. Haya ni mambo ya ukoo." Nilimchukia, sifichi.

Mtoto alikuwa na kitabu cha picha cha wafalme, kilichotoka kwenye boksi la msaada kanisani. Alimpenda mmoja tu, wa Uskoti ya zamani, aliyevishwa ufalme akiwa mdogo kama yeye. Nilimsomea kwa Kiingereza changu cha kuungaunga: baba alikufa, wakubwa wakagombania kumshika mtoto, maana aliyemshika ndiye aliyetawala.

"Na mama yake iko wapi?"

Nikatafuta kwenye ukurasa. "Alirudi kwao, Ufaransa."

"Akamwacha?"

Nilimwambia alale.

Wiki hiyohiyo baba yake mdogo, anayelinda ghala Mobeni, kule kwenye viwanda, alimchukua mwanangu shuleni bila kuniambia. Alisema mrithi sasa yuko kwake, kwa hiyo na funguo ziende kwake. Baba mkubwa akakataa. Nilimwendea mchungaji, akasema tuombe. Tukaomba. Nilimpigia simu huyo mdogo, eish, haikupokelewa.

Jumapili nilipanda teksi hadi Mobeni. Nilimkuta mwanangu amekaa kwenye kreti nje ya chumba cha mlinzi, kwenye joto lile, na koti la baba yake mwilini. Aliniangalia kama mgeni.

"Baba mdogo alisema umerudi kwetu Burundi."

"Niko hapa, mwanangu. Njoo."

Akainuka. Kisha akageuka kumtazama baba yake mdogo mlangoni, akingoja ruhusa. Shemeji yangu akatikisa kichwa kukataa, na mwanangu akakaa tena.