Mume Wangu Asema Mashine Imeishuhudia Sauti Yangu

Ndugu wasomaji, mwenye ukurasa huu ameniahidi kuficha jina langu, kwa hiyo nitasema yote. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, mkaaji wa Bondeni, Nakuru. Kanisani ndimi niliyekuwa mwanzishaji wa nyimbo za akina mama. Mwaka jana nilipasuliwa uvimbe shingoni. Uvimbe ukaenda, sauti nayo ikaufuata. Sasa nikisema, natoa pumzi tu kama mvukuto uliotoboka.

Mume wangu ni mzee wa kanisa, mwenye sauti ya kusikika mpaka stesheni. Anasema nimemnunia. Nikijibu, hasikii, asiposikia, anasema sikujibu. Nikachoka, nikamwomba twende kwa daktari mmoja Mzungu, mgeni, aliyekuja na mashine ya kupima misuli. Njiani askari wa Hali ya Hatari walituuliza tunakwenda wapi. Nilifungua kinywa, akajibu mume wangu.

Daktari alinibandika vyuma vidogo vya nyaya shingoni. Alieleza kwamba mtu akitoa sauti misuli ya koo hufanya kazi. Vyuma vinaihisi, kalamu inachora, naye kwa mchoro ule anakadiria kama sauti ni ya juu au ya chini, kubwa au ndogo. Nikaimba mpaka machozi yakanitoka. Hakikusikika kitu, lakini kalamu iliruka kama panzi.

"Mama, wewe nafanya kazi sana," akasema. "Kwa mtu ya koo mzima, hii ni sauti ya juu, tena kubwa. Lakini nyuzi zako ya sauti ndani hapana kutana tena. Pumzi napita bure."

Mume wangu alichukua nusu akaacha nusu. "Kumbe iko! Ya juu, tena kubwa! Mmesikia wenyewe!" Tulikuwa watatu tu chumbani.

Akataka naye apimwe. Akanguruma "Haleluya" hata dirisha likatikisika. Kalamu ikasogea kidogo, ikalala. Daktari akasema koo lake halioni taabu. Nikasema moyoni, hata jembe lake ni hivyo hivyo.

Jumapili akawaambia wazee kwamba mashine imenishuhudia: sauti ninayo, naificha kwa kiburi ili nimwaibishe. Nikamnong'onezea mwenyekiti wao, "Baba, daktari alisema nyuzi hazikutani."

Mwenyekiti akamgeukia mume wangu. "Amesema nini?"

"Amesema hataki."

Jamani! Mtu niliyemzalia watoto wanne! Nilitetemeka kwa hasira mpaka benchi likalia, na hilo benchi ndilo lililosikika.

Daktari amekwisha kurudi kwao. Wazee wameamua nitubu, la sivyo nitolewe katika chama cha akina mama, wale wale walioniuguza. Nikitubu, uongo wake nimeutia muhuri. Nisipotubu, nitabaki nyumbani na yeye peke yake.

Tena wameweka sharti: nitubu kwa sauti, mpaka walio nyuma wasikie. Nikisimama nikafungua kinywa, yeye ndiye atakayewaambia nilichosema. Ninyi mnaonisoma bila mkalimani, nishaurini, nifanye nini?