Zambarau la Kiangazi

Mnaotaka kucheka chekeni sasa hivi, mkimaliza mnisikilize, maana haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana, jua likiwaka, na mwenzangu Zabroni yu hai, anaweza kuulizwa.

Kazi yetu ni kuchora ramani za mimea. Tunachukua picha za zamani zilizopigwa kutoka angani, tunakwenda mahali penyewe, tunaangalia: palipokuwa na msitu sasa pana nini? Mvua zimebadilika, miti imekatwa kuni, mashamba yamepanuka, na mimea nayo inahama au inakufa. Siku ile tulikuwa kwenye korongo moja upande wa Makere. Picha ya zamani ilionyesha msitu mnene na kijito. Sisi tulikuta nyasi kavu za kufika kiunoni na visiki.

Moto ulitokea chini. Nadhani kuna mtu alikuwa anasafisha shamba, upepo ukamzidi. Kabla hatujajua pa kukimbilia, ukawa umetuzunguka. Zabroni ana pumu, na dawa yake ya kuvuta, mniamini, tuliiacha kwenye gari ng'ambo ya moto. Akapiga magoti, kifua kinalia filimbi. Nikawaza mkewe nitamwambia nini.

Ndipo nikamwona mama mmoja amejitwika kuni, amesimama katikati ya moshi wala hakohoi.

"Bhana bhanje, ingo hano," akatuita kwa Kiha, wanangu njooni hapa, vile vile mama yangu alivyokuwa akituita kula. Nikamburuta Zabroni hadi pale. Mama akanyoosha mkono, akatuzuia. "Salimieni kwanza. Mtu haingii kwa watu kama mbuzi."

Moto unakuja, na huyu anataka salamu? Lakini mimi ni Muha, nimelelewa. Nikainama, nikapiga makofi polepole kama tunavyowasalimia wakubwa. Zabroni, mtu wa Mbeya asiyejua Kiha hata neno moja, naye akagonganisha viganja vyake.

Baridi ikatupiga usoni. Nilikuwa nimekanyaga majani mabichi, maji yananipita miguuni, juu giza la matawi. Ilikuwa mizambarau ya mwituni, mikubwa, imejaa matunda, na kiangazi si msimu wake wa kuzaa. Moto niliusikia ukipita mbali, kama mvua kwenye bati la jirani. Mama akamwekea Zabroni kitu kiganjani, akamfumba vidole.

"Pumua," akamwambia. Akapumua. Mimi nikafumba macho kumshukuru Mungu.

Nilipoyafumbua, tumekaa korongoni, kila upande majivu, isipokuwa pale tulipokaa. Mama hayupo, wala nyayo zake. Viatu vyetu vimelowa chepechepe, na kiganjani mwa Zabroni mna zambarau moja, bivu. Nililia kwa furaha, na sioni aibu kusema.

Kisayansi nieleze nini? Sijui, na siku hizi sijisumbui. Zabroni anapumua, inanitosha. Kokwa lake nililiotesha kwenye kopo nyumbani Kasulu, na mche uliposhika tukaurudisha kule korongoni, tukauzungushia miiba. Umeshanipita urefu. Kila nikienda nainama, napiga makofi, ndipo nasogea.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayekata kuni njia ya Makere. Ukikuta mzambarau umesimama peke yake korongoni, usivunje hata kijiti. Salimia, upite. Siku moto ukikuzunguka wewe, unataka uitiwe wapi?