Barafu ya Supu ya Bosi

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Katesh alichemsha mifupa ya ng'ombe pamoja na boga, harufu ikapita juu ya ukuta ikanikuta ninafua. Nikaacha nguo kwenye beseni nikasimama tu. Ni harufu nzito, tamu kidogo, na watu wengine ikiwafikia husikia njaa. Mimi husikia baridi kwenye vidole. Ngoja niwaeleze kwa nini, na msinicheke, maana habari yenyewe ni ya mbwa.

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi kijiji cha Daudi, juu milimani, mimi, Babu na Shangazi. Babu alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye maneno machache, na neno lake likishatoka halirudi. Akisema mahindi yanavunwa Jumatatu, hata mvua inyeshe, Jumatatu tutakuwa shambani, tumelowa chapachapa, tunavuna. Shangazi alikuwa na duka dogo barabarani, alikolala usiku kulilinda, na ndani ya duka alikuwa na friza. Alikwenda mnadani Katesh, akaona watu wa huku chini wanavyogombania barafu kwenye jua, akarudi kwetu milimani na friza ya mtumba, akiamini umaskini umekwisha. Jamani, Daudi! Mwezi wa saba ukungu unalala mpaka saa nne asubuhi, watu wamejifunika mashuka mpaka masikioni, nani anunue barafu? Majirani walimshauri aizime tu, awe anaacha mlango wa duka wazi. Lakini mimi nilikuwa naistaajabia ile friza. Unaweka maji leo, kesho unatoa jiwe. Kila mara nilipofungua kifuniko na ule moshi wa baridi ukanipiga usoni, nilinyamaza kama niko kanisani.

Bosi alikuwa mbwa wetu wa rangi ya majivu, sikio moja limechanika. Kila siku alilala mlangoni pa zizi kuwajulisha fisi kwamba tupo, na asubuhi alinisindikiza shuleni mpaka darajani. Nilimpenda, nasema bila aibu. Sasa, siku moja alfajiri akarudi kutoka shamba la viazi na mdomo umejaa miiba ya nungunungu. Babu aliing'oa kwa koleo, mmoja mmoja, na Bosi akalia kama mtu. Mdomo ukavimba. Siku ya kwanza hakula, ya pili hakula, hata maji aliyanusa tu akageuza kichwa. Bwana mifugo alikuja akamchoma sindano, akasema dawa imeingia, kilichobaki ni mbwa mwenyewe ale na anywe. Akaongeza kuwa mdomo unamwaka, labda kitu cha baridi kingempa nafuu.

Jumatano jioni, tukiwa tumezunguka moto, Babu akasema, "Asipokula mpaka Jumamosi, nitampumzisha. Mnyama hateswi."

Sote tulitazama rungu lililoning'inia karibu na mlango.

Usiku ule niliwaza maneno mawili tu: baridi, na friza. Asubuhi nikamwomba Shangazi mifupa. Alicheka kwanza, maana kwetu mbwa hapikiwi. Mbwa hula ukoko na kilichobaki, tena watu wakishashiba. Halafu akaniona uso, akaacha kucheka. Chungu cha kwanza nilikipika kama nampikia mgeni: chumvi, vitunguu, nyanya, sijui nini. Bwana mifugo akapita, akasikia harufu, akaingia jikoni mbio. Alisema kitunguu ni sumu kwa mbwa, na chumvi juu ya vidonda ni moto. Nipike kama nampikia mtoto mchanga. Basi ile supu tukainywa sisi, na ilikuwa tamu kwelikweli.

Chungu cha pili kilikuwa mifupa, maji na boga, basi. Shangazi aliengua mafuta, tukatoa mifupa yote, tukaponda boga mpaka likawa kama uji, tukamimina kwenye vikombe vya plastiki na kuvipanga ndani ya friza. Kimoja kiliuzwa kwa bahati mbaya kwa mwalimu wetu, naye akamsifu Shangazi kwa ubunifu.

Ijumaa baada ya shule nilibeba kikombe mbio mpaka nyumbani, nikagonga barafu ikatoka, ya njano, ngumu, inang'aa. Nikamsogezea Bosi mdomoni hapohapo. Akatoa ulimi.

Sisi watu wa milimani tunaijua baridi, lakini barafu hatukuwa tunaijua. Hakuna aliyeniambia kwamba ikitoka tu kwenye friza hung'ang'ania ulimi uliolowa. Ilimnasa. Alitikisa kichwa, akajivuta kwa nguvu, damu ikatoka, akakimbilia chini ya ghala akajikunyata huko. Nilimwita mpaka sauti ikakauka, hakuja. Babu alikuwa amesimama uani, ameona yote. Nililala bila kula, nikijua kwamba siku moja iliyokuwa imembakia Bosi nimeiharibu mimi.

Jumamosi nilipoamka kumekucha, rungu halikuwepo mahali pake. Babu hakuwepo. Nikachungulia chini ya ghala: patupu. Nilikimbia miguu mitupu kwenye umande, nikazunguka zizi, nimejaza kifua pumzi ili nipige kelele asimuue. Nikamwona Babu. Na kwa jinsi nilivyolelewa, kilichotoka mdomoni kilikuwa, "Shikamoo, Babu."

"Marahaba," akajibu kwa sauti ya chini. "Kaa. Usimshtue."

Alikuwa ameketi chini. Babu, ambaye hata msibani walimletea kigoda, alikuwa kwenye udongo mtupu, amekunja miguu yake mirefu, rungu limelala kwenye majani kando yake. Katika viganja vyake alishika barafu ya supu. Aliizungusha taratibu, akiipa joto la mikono yake mpaka ikatoa jasho, na maji ya njano yakawa yanatiririka kuelekea kwenye vifundo vya mikono. Bosi alikuwa anayalamba. Alilamba viganja, akalamba katikati ya vidole, macho ameyafumba. Ukungu ulikuwa umetuzunguka, ng'ombe wanapumua upande wa pili wa zizi, na vidole vya Babu vimekakamaa kwa baridi lakini haviachii. Nilikaa. Sikuthubutu hata kujikuna.

Ilipokwisha, alijaribu kunyoosha vidole vikakataa. Akavibana kwapani. Kisha akanigeukia, akanitazama machoni, jambo ambalo hakuwa akilifanya kwa watoto.

"Nilisema Jumamosi. Nimekosea," alisema. "Kalete nyingine."

Bosi aliishi miaka mingi baada ya hapo, na mimi nilitamba shule nzima kuwa nimemponya mbwa kwa friza. Kwa akili yangu ya wakati ule, muujiza ulikuwa huo: maji yamekuwa jiwe, na jiwe limekuwa dawa. Ni juzijuzi tu Shangazi alinisimulia kwamba alfajiri ile Babu aligonga mlango wa duka, rungu mkononi, akauliza barafu inashikwaje ili isimuume mbwa. Shangazi alikuwa binti yake kwa miaka arobaini, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiuliza.

Sasa na mimi ni mama. Mwezi uliopita nilimchapa mwanangu kwa kosa ambalo, jioni ilipofika, niligundua hakulifanya. Nilikwenda hadi mlangoni kwake kumwambia neno lile moja la Babu, nimekosea. Mdomo ukawa mzito, nikarudi. Kesho yake nikaenda tena, nikashindwa tena, nikampa hela ya soda. Alinishukuru kwa adabu, na hakunitazama.