Nyumba ya Mwisho Kutoka Langoni

Mimi ni mtu wa kukasirika upesi, na kinachonikasirisha kuliko vyote ni mteja anayebadili mawazo baada ya michoro kukamilika. Nalisema hilo mapema ili ijulikane nilikuwa na hali gani asubuhi ile muuza vitenge aliponipigia simu kutoka Muyinga na kuniambia nitoe nyumba moja. Nilimsema vibaya sana moyoni. Nikikumbuka sasa nasikia baridi mgongoni.

Ofisi yetu iko Gitega, chumba kimoja juu ya duka la mabati na nondo. Kazi yangu ni kuchora nyumba kwenye kompyuta, na mimi hupewa viwanja vya nyumba nyingi. Watu hudhani ni kazi ngumu kuchora mtaa mzima. Si ngumu hivyo. Unachora nyumba moja kwenye faili lake, unaihangaikia mpaka bawaba ya mwisho, kisha unaipanga kwenye faili la kiwanja mara nyingi upendavyo. Zote hubaki zimefungamana na ile ya kwanza. Ukipanua dirisha la ile moja, madirisha ya mtaa mzima yanapanuka. Siku ya kwanza kuonyeshwa jambo hilo nilishika mdomo. Mimi nimekulia Tanzania, katika kambi ya wakimbizi, kwenye safu za nyumba za udongo zilizofanana kama matofali, na mama yangu alihangaika kiangazi kizima kupanua dirisha moja tu.

Huyo mteja alikuwa Mkongomani wa Kivu Kusini, mtu mwenye tumbo la heshima na sauti ya sokoni. Duka lake la vitenge lilikuwa Muyinga, lakini mkewe, watoto wake na mama yake mzazi walikuwa wamepanga nyumba hapa Gitega. Sasa alikuwa amepata kiwanja nje kidogo ya Muyinga, kwenye njia ya Gashoho, na alitaka ukoo wote uhamie ndani ya ua mmoja.

"Dada, mi nataka parsele, ua moja kubwa, kama ile ya kwetu," aliniambia, huku akinichorea kwa kidole juu ya meza. "Nyumba tano, moja ya kila mtoto wa mama. Mi niko wa kwanza, donc basi yangu iko karibu na lango. Wengine wanafuata, mpaka petit frère, mdogo wetu wa mwisho, kule mwisho. Na jiko katikati, bila ukuta. Mama akiwa anapika, aone mlango ya kila mutu."

"Na nyumba ya mama mwenyewe?"

Alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Mama hataki. Anasema yeye iko na nyumba yake kule Kivu."

Hapo ndipo shida yote ilipokuwa. Mama yake alikimbia vita, akavuka mpaka na mizigo miwili ya nguo, na tangu afike hakukubali kuifungua. Ukimpa kabati, alisema mgeni hana kabati. Ukimpa chumba, alilala sebuleni. Yule kitinda mimba wake alikuwa amebaki kulinda nyumba zao, akipiga simu pale mtandao unaporuhusu, na mama alisema hawezi kukaa raha mbali na mtoto anayemlindia mlango. Mwanawe mkubwa aliamini kwamba akiona nyumba zile zile, zimepangwa vile vile, atakubali kwamba na hapa ni kwao. Kisha kitinda mimba angeitwa aje, na mambo yangekwisha.

Nilikwenda Muyinga kukiona kiwanja. Mteja alikuwa amesahau kunieleza jambo dogo, kwamba kiwanja chenyewe ni mlima. Mahindi na maharage yalikuwa yanateremka mpaka bondeni. Niliporudi Gitega na kuingiza vipimo vya mteremko ule, nyumba ya tatu ilikuwa inaelea hewani na ya nne imezama hadi madirishani. Nikacheka peke yangu, kisha nikaanza kuukata mlima ngazi kwa ngazi, kila nyumba na ngazi yake tambarare ya kukalia. Nilijenga ukuta mfupi wa veranda, ule ambao watu hukaa jioni. Milango nilipaka buluu, maana mteja alisema ya kwao ilikuwa buluu. Nilipaka mmoja, mitano ikageuka. Niliringa sana siku hiyo, sifichi.

Mteja akamleta mama yake aone.

Alikuwa mwanamke mwembamba, amevaa sweta juu ya kitenge kwa sababu asubuhi za Gitega zina baridi. Nilimvutia kiti mbele ya kompyuta, nikaanzia langoni, picha ikiwa kwenye kimo cha macho ya mtu, tukaingia polepole uani. Alishika mashavu yake.

"Ni kwetu," alisema, akamgeukia mwanawe. "Papa, angalia, ni kwetu!"

Nilimtazama mwanawe kwa ushindi. Nikaendelea, nikapita jikoni, nikageukia nyumba ya kwanza. Milango yote nilikuwa nimeiacha wazi ili vyumba vionekane. Nilipofika nyumba ya pili nilisikia kiti kinaburuzika. Mama alikuwa amesimama.

"Watu iko wapi?"

"Mama, huu ni mchoro tu..."

"Milango yote wazi. Moto hakuna. Kuku hata moja hakuna." Alimshika mwanawe mkono wa shati. "Nani amefika kule akapiga hii picha? Watu iko wapi? Wameuwa wote?"

Nilikiachia kipanya. Miaka yote hiyo nimechora nyumba tupu, na mimi nikiona utupu ule ndio usafi, ndio uzuri wa kazi. Sasa niliutazama ua wangu kwa macho yake. Milango mitano imebaki wazi, hakuna sufuria, hakuna kandambili mlangoni, hakuna nguo kwenye kamba. Nilikuwa nimechora kijiji ambacho watu wake wamekimbia au wamelala chini mahali nisipopaona.

Katika kuhangaika nikafanya ujinga mwingine. Ile programu huja na picha za watu wa kupamba michoro, nami nikazimwaga upesi upesi ili ua uchangamke. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuzitumia. Akatokea Mzungu mwenye koti refu na mbwa wake mbele ya mlango wa mtoto wa kwanza. Akatokea mwanamke wa nywele za njano anakatiza jikoni kwa baiskeli.

Mama alisogeza uso karibu na kioo.

"Ah," alisema taratibu. "Kumbe ni hawa wamechukua."

Mwanawe alitaka kucheka, akaona uso wa mama yake, akaacha. Waliondoka bila kuniaga vizuri. Chakula cha mchana sikukigusa, na jioni nilikuwa bado namwona yule Mzungu na mbwa wake.

Wiki iliyofuata mteja alinitumia picha za ndugu zake kwa simu. Nilizikata moja moja, kila mtu nikamweka mlangoni pake. Yeye mwenyewe nikamsimamisha karibu na lango, tumbo mbele. Mdogo wake anayemfuata akawa mlango wa pili, dada yao aliyeko Tanzania mlango wa tatu, na ndugu yao fundi cherehani, aliyeko Bujumbura, mlango wa nne. Kitinda mimba alikuwa kijana wa jezi nyekundu, mkono juu, anacheka nusu kama mtu aliyeitwa ghafla. Nilimpenda bure tu. Nikamkalisha juu ya ukuta wa veranda yake, mahali pazuri kuliko pote. Nikaongeza kuku, nikaweka sufuria, nikachora na moshi jikoni. Moshi ulitoka vibaya, ukafanana na pamba, lakini ulikuwa moshi.

Ndipo ikaja ile simu.

"Dada, toa ile nyumba ya mwisho."

"Ya mdogo wako?"

"Ndiyo."

"Kaka, nimeukata mlima mzima kwa ajili ya nyumba hiyo!"

"Toa tu, dada."

"Na picha yake?"

Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. "Toa vyote," alisema, akakata.

Nilitukana. Nilijua, au nilidhani najua, kwamba ndugu wamegombana kama ndugu wanavyogombana, kisha mimi ndiye wa kulipia. Nikaifuta ile nyumba, na yule kijana juu ya ukuta wake nikamfuta. Kukabaki pengo baya upande wa mwisho, na mimi siwezi kuvumilia pengo. Nikazisogeza zile nne, nikazitanua mpaka zikauzunguka ua sawasawa. Ungeapa kwamba tangu mwanzo zilikuwa nne. Kwa kweli kazi ilitoka nadhifu.

Walipokuja mara ya pili, mama ndiye aliyetangulia kupanda ngazi. Mwanawe alikuwa amemwambia, kabla ya ile simu, kwamba nimeweka watu, naye akawa anamsumbua kila siku aletwe. Nadhani jamaa aliishiwa visingizio. Mama aliniletea kichane cha ndizi mbivu na kunishika mikono miwili.

"Siku ile nilikusumbua, mwanangu. Pardon."

"Hapana, mama. Mimi ndiye niliyekutisha."

Tukaingia langoni. Alimwona mwanawe mkubwa na tumbo lake, akacheka hadi akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Hata kwa picha umenenepa!" Mwanawe, aliyesimama nyuma yetu, aligeukia dirishani. Mama akamsalimu wa pili, akamuuliza hali. Kwa binti yake wa Tanzania aliweka kidole kwenye kioo, akakiacha hapo kidogo. Akamsalimu fundi cherehani. Kisha picha ikazunguka, tukaona uzio, halafu tukaona lango tulilolianzia.

"Umepita haraka," aliniambia. "Rudia."

Nikarudia polepole. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Uzio. Lango.

"Tena, mwanangu."

Nikarudia tena, na safari hii aliigusa meza kwa kidole kila tulipopita mlango. Tulipofika kwenye uzio, kidole kikabaki juu, hakina pa kushukia. Nilifungua mdomo nimweleze kwamba ni mabadiliko tu ya ramani. Lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa amegeuka kwenye kiti, anamtazama mwanawe, na mwanawe anatazama viatu vyake.

"Lini?" mama aliuliza.

Hakuuliza kingine. Mimi ndipo nilipoelewa, na nilielewa vyote kwa mpigo mmoja, simu ile, ule ukimya, na ile "toa vyote". Yule kijana wa jezi nyekundu nilimfuta kwa kidole kimoja, huku natukana.

"Asubuhi ile nilipigia huyu dada wa michoro simu, majirani walikuwa wamenipigia saa ileile," mteja alisema, na ile sauti ya sokoni haikuwapo tena. "Walimkuta amekufa kwa mlango. Walimzika huko huko. Mi nilishindwa, mama. Nilisema bon, nitakuambia nyumba zikiisha. Mi sikuweza kuona nyumba yake pale kila siku."

Nilijikaza nikisubiri kilio. Hakikuja. Huko chini walikuwa wanashusha nondo kutoka kwenye lori, zinagonga lami moja baada ya nyingine, na mama alikaa anasikiliza kama vile ndizo zilizokuwa zinazungumza. Mwanawe alikuwa analia bila sauti, mgongo ukutani. Mimi nilitamani umeme ukatike, picha ile izimike mbele yetu.

"Mwanangu," mama alisema mwishowe, na alikuwa ananiita mimi. "Umeitupa?"

"Nini, mama?"

"Nyumba yake. Umeitupa, ama iko?"

"Iko," nilimwambia. "Haijapotea. Hizi zote zimetoka kwenye nyumba moja, na hiyo moja ninayo."

"Basi irudishe."

Nikaiita kutoka kwenye faili lake. Nyumba ilianguka katikati ya jiko, juu ya sufuria, nikaomba radhi kama mtu aliyemkanyaga mwenzake. Nikaisogeza. Nikazirudisha zile nne mahali pake pa zamani, nikaukata tena mlima nilioufukia, na nyumba ya mwisho ikakaa kwenye ngazi yake, mlango wa buluu wazi, veranda yake haina mtu. Picha ya kijana bado ilikuwa kwenye kompyuta. Nilimtazama mama, naye akaelewa nauliza nini.

"Picha hapana," alisema. "Picha nitakaa nayo mi."

Nikaifunga picha ya kijana. Aliitazama ile veranda tupu muda mrefu, kwa macho yale yale ya siku ya kwanza alipouliza watu wako wapi. Kisha akakaza kitenge chake.

"Sasa andika ni yangu."

Mwanawe aliinua kichwa. "Mama, we ulisema hutaki nyumba hapa. Ulisema iko na yako."

"Yule aliyekuwa anailinda ile amekufa," mama alisema. "Na hii ni yake. Nyumba ya mtoto wangu haiwezi kukaa bila mutu. Mi ndio nitakaa ndani."