Uchochoro wa Hina

Mgeni akifika mtaani kwetu Msambweni na kusikia jina Uchochoro wa Hina, hudhani zamani palikuwa na mhina mkubwa hapo, au mwanamke aliyekuwa akiuza hina kibarazani. Mimi humwacha aseme, kisha humweleza. Njia ya Msikitini iliitwa kwa ajili ya msikiti, na Njia ya Ramisi kwa kuwa ndiko inakoelekea. Uchochoro wetu uliitwa kwa mikono yangu.

Niliolewa katika miaka ya hamsini, nikatoka kwetu Kombani nikaletwa kwa mume wangu, mfanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Ramisi. Siku zile bibi arusi alikaa fungate, siku saba hatoki nje wala haonekani ila na watu wa nyumbani. Mavyaa yangu, mama wa mume wangu, alikuwa mtu wa maneno machache, na fungate yangu aliichunga kama anavyochunga swala zake. Mume wangu aliitwa kazini kabla haijaisha, tukabaki wawili.

Mchana mmoja wa upepo mkali nilisikia mlio kama wa mvua juu ya makuti. Haikuwa mvua. Nyumba ya mwisho ya uchochoro ilikuwa inawaka, na cheche zilikuwa zinaruka kutoka paa hadi paa. Wanaume wengi walikuwa Ramisi au baharini. Mavyaa alichukua debe, akaniambia nikae karibu na mlango wa uani, nisitoke ila moto ukitufikia. Kisha akaenda.

Nilichungulia dirishani. Wanawake walikuwa wamejipanga kutoka kisimani, wakipokezana madebe na mitungi, lakini hawakutosha. Mbele ya nyumba yetu palikuwa na pengo, na mavyaa yangu, mtu mzima yule, ndiye aliyekuwa akilivuka mbio na debe, nusu ya maji yakimwagika njiani. Akajikwaa, akapiga goti chini. Akainuka, akarudi kisimani.

Sikumbuki nilifikiri nini. Najua nilijitanda leso, nikafungua mlango wa mbele, nikasimama pale palipokuwa wazi na kunyosha mikono. Hina ilikuwa bado imekoza, maua yake hadi viwikoni. Mavyaa alinitazama, nikadhani atanirudisha ndani. Akanipa debe.

Tulipokezana maji mpaka mikono ikafa ganzi. Nyumba mbili ziliteketea. Hakuna aliyekufa, alhamdulillahi, na nyumba nyingine zote zilisimama.

Jioni majirani walikuja kupeana pole. Mmoja wao alimwambia mavyaa, huku akijua kwamba namsikia, kuwa ni aibu bibi arusi kuonekana na mji mzima kabla fungate haijaisha. Mavyaa alikuwa anajikanda goti kwa mafuta ya nazi. Hakuinua kichwa.

"Ameonekana akifanya nini?" akauliza.

Yule jirani akaaga mapema.

Waliolianzisha jina ni wenye nyumba zilizookoka. Wakiulizwa wanakaa wapi, walijibu kwamba wanakaa uchochoro wa mwenye hina. Watoto wakalifupisha, na wenye kuleta kuni na samaki wakalichukua kwa watoto.

Kabla ya miaka ile ya hamsini kwisha, alikuja karani wa serikali kuandika majina ya njia kwenye vibao. Tajiri mmoja mwenye viwanja mwanzo wa uchochoro alitaka uitwe kwa jina la babu yake, na karani alikuwa ameshachovya brashi. Wanawake wakatoka milangoni mmoja mmoja, wakasimama. Mavyaa ndiye aliyesema.

"Mwanangu, andika Hina."

Karani akauliza kwa adabu kama hapo ndipo hina inapouzwa.

"Haiuzwi hapa. Hapa palizimwa moto."

Akaelezwa yote, nami nimejificha nyuma ya mlango kwa haya. Tajiri mwenyewe alisikiliza hadi mwisho, akasema babu yake atapata njia nyingine. Kibao kikapigiliwa kwenye ukuta wetu.

Mume wangu alipokuja kutoka Ramisi alikisoma kwa sauti, akakisoma tena, akaingia ndani akicheka peke yake. Asubuhi yake nilikwenda dukani. Njia ya uani ilikuwa fupi zaidi, lakini nilipita uchochoroni, mwanangu mgongoni, kifua mbele.